Saisi na Banda Lake

Saisi ni mtunzaji wa farasi wa mtu mwingine. Ndiye anayemlisha, kumnywesha, kumpiga brashi, kumtandika, kumtembeza na kumrudisha bandani jua linapotua. Jina la kazi yake ni la Kiarabu, nalo linatokana na mzizi uleule uliozaa neno siasa, kwa kuwa kitenzi hicho cha Kiarabu kilihusu kumtunza na kumwongoza mnyama, kisha kikahamia kwenye kuwaongoza watu. Kiswahili cha zamani kiliielewa siasa kwa namna iliyo karibu zaidi na banda kuliko bunge: kufanya jambo kwa siasa kulikuwa kulifanya kwa upole, kwa utaratibu, bila papara. Sifa hizo tatu ndizo farasi anazomdai mtu anayeingia chumbani mwake alfajiri akiwa na ndoo mkononi.

Maneno mengi ya kazi hii yalishuka pwani pamoja na mnyama mwenyewe. Farasi, lijamu analotiwa kinywani, hatamu anayoongozwa kwayo, yote yametoka Uarabuni. Baadhi yamekita mizizi hata pale ambapo ukwato wa farasi haujawahi kukanyaga. Tanzania ya chama kimoja ilizungumza miaka mingi juu ya chama kushika hatamu, na wengi wa walioitamka kauli hiyo hawakuwahi kushika hatamu ya ngozi maishani mwao. Injini za mashua na magari hupimwa kwa nguvu za farasi katika miji ambako farasi huonekana kwenye picha tu. Neno saisi halikusafiri mbali hivyo. Limebaki kuwa la kazi, likisikika pale penye farasi, na mahali hapo ni pachache.

Uchache huo una sababu zake, lakini kwanza kazi yenyewe. Farasi ana tumbo dogo kwa ukubwa wa mwili wake na hawezi kutapika. Kwa maumbile yake alipaswa kutembea na kula majani kidogo kidogo karibu mchana kutwa. Akifungiwa chumbani na kupewa nafaka nyingi kwa mkupuo, tumbo humsokota, na msokoto huo unaweza kumuua kabla siku haijakwisha. Hunywa lita 20 hadi 40 za maji kwa siku, na zaidi kukiwa na joto. Kinyesi chake hufika kilo 15 hadi 20 kwa siku. Mkojo ukiachwa chini ya maranda hutoa hewa kali inayochoma macho na mapafu yake, nazo kwato zikikaa kwenye unyevu huo hulainika na kuanza kuoza. Mwenye ng'ombe anaweza kufungua zizi asubuhi na kuachia malisho yafanye kazi iliyobaki. Mwenye farasi wa bandani hana nafasi hiyo.

Kwa hiyo saisi huanza kabla ya jua. Huangalia ndoo na hori kabla ya kitu kingine, kwa sababu chakula kilichobaki ni habari: farasi asiyemaliza shayiri yake ana jambo. Kisha huzoa kinyesi kwa uma na beleshi, hulijaza toroli, hugeuza maranda, huondoa yaliyolowa na kuongeza makavu. Baada ya hapo huja zamu ya kwato. Saisi husimama ubavuni akimpa farasi mgongo, hupitisha kiganja kutoka begani hadi kwenye kifundo ili mnyama ajue kinachokuja, na mguu ukiinuliwa huushika kati ya magoti. Kwa ncha ya chuma huchokoa udongo na mawe yaliyokwama chini ya ukwato, akianzia kisiginoni kwenda mbele, asije akaichoma sehemu laini yenye umbo la pembetatu iliyo katikati. Ukwato wenye afya hunuka udongo tu. Ukitoa uvundo, dawa hutiwa siku hiyohiyo. Miguu minne ya farasi mmoja huchukua dakika chache, na saisi mwenye farasi wanne huyarudia hayo mara kumi na sita kabla ya kunywa chai.

Banda halina wikendi. Jumamosi na Jumapili, wenye ofisi wanapopumzika, ndizo siku ambazo wenye farasi huja kuwapanda, na kazi ya saisi huongezeka badala ya kupungua. Mambo ya nyumbani kwake, mahindi ya kupeleka kinuni, maji ya kuteka, mtoto wa kupeleka zahanati, huingizwa katika saa chache za mchana kati ya lishe ya asubuhi na ya jioni. Mpangilio huo ni wa zamani, na umeacha alama katika historia ya kazi hii, nyingine zikiwa chungu.

Mwezi Aprili 1498, meli za Vasco da Gama zilipotia nanga Malindi, Wareno waliona ufukweni, kati ya watu wengi waliokuja kutazama, wapanda farasi wawili wakichezeana vita kwa furaha. Mwandishi wa safari hiyo hakusema mengi zaidi juu yao. Lakini farasi wanaoweza kuchezeshwa vita mbele ya umati, mizinga ikiwa majini, ni farasi waliolishwa vizuri na kuzoezwa kelele kwa muda mrefu. Nyuma ya wapanda wawili wa Malindi walikuwako watu wa bandani, ingawa hakuna aliyeona haja ya kuwaandika.

Farasi hao walitoka ng'ambo. Biashara ya farasi katika Bahari ya Hindi ilikuwa kubwa na ya kale. Majahazi yaliwapakia katika bandari za Uarabuni na Ghuba, upepo wa msimu ukawapeleka, na soko kuu lilikuwa India. Marco Polo, mwishoni mwa karne ya 13, alisimulia kwamba wafalme wa kusini mwa India walinunua maelfu ya farasi kila mwaka kwa sababu wale wa mwaka uliotangulia walikuwa wamekufa karibu wote. Sababu aliitaja waziwazi: hapakuwa na watu wenye ujuzi wa kuwatunza, na farasi walilishwa wali uliopikwa na nyama. Huenda msafiri huyo alitia chumvi katika hesabu, lakini alichokieleza kinaaminika na kila aliyewahi kukaa bandani. Farasi aliyelipiwa dhahabu nyingi huharibika upesi kuliko kapu la samaki akikosa mtu anayejua anachohitaji.

Afrika Mashariki ujuzi peke yake haukutosha, kwa kuwa porini kulikuwa na adui ambaye saisi wa Maskati hakuwahi kumkuta kwao. Msafara wa Francisco Barreto ulilidhihirisha hilo kwa namna ya kutisha. Mfalme wa Ureno alimtuma Barreto kuiteka nchi ya dhahabu ya Mutapa, na mwaka 1571 kikosi chake kilipanda Mto Zambezi hadi Sena, mji ambako wafanyabiashara Waislamu wenye uhusiano na pwani ya Waswahili walikuwa wamekaa tangu kabla ya Wareno. Farasi walioletwa kwa meli walianza kufa. Askari nao walianza kufa kwa homa. Padri Monclaro, Mjesuiti aliyefuatana na msafara huo, aliyaandika matukio hayo, na katika maandishi yake hukumu ilikuwa tayari: Waislamu wa Sena wametia sumu. Walikamatwa na kuuawa kwa mateso.

Dalili zilizowapotosha Wareno zinaeleweka leo. Kuna ugonjwa wa farasi ambao humwacha mnyama akiwa mzima kwa macho hata siku moja kabla ya kufa, kisha pumzi humwishia na povu jeupe likamtoka puani kwa wingi. Asiyeujua huona sumu. Kuna pia nagana, ugonjwa wa mbung'o, unaokondesha polepole na kumaliza damu. Monclaro hakuwa na njia ya kuyafahamu hayo, wala Barreto. Hata hivyo wenyeji wa bonde la Zambezi walijua kwamba mifugo haikai mahali penye mbung'o, na hakuna aliyewauliza. Watu wa Sena walilipa kwa maisha yao deni la mdudu.

Mjini Unguja, katika karne ya 19, farasi walipata makao ya kudumu na heshima ya kifalme. Sayyid Said bin Sultan, aliyehamishia enzi yake Unguja kutoka Maskati, alikuwa na farasi wa Kiarabu katika kasri lake la Mtoni. Binti yake Salme, aliyezaliwa huko mwaka 1844 na baadaye akaishi Ujerumani kwa jina la Emily Ruete, alichapisha kumbukumbu zake mwaka 1886, na ndani yake mna habari za masomo ya watoto wa kasri katika kupanda wanyama. Wavulana waliofuzu walipewa farasi. Wasichana walipewa punda wakubwa weupe wa Maskati, ambao bei yao haikuwa ndogo hata kidogo mbele ya bei ya farasi. Maelezo hayo yana thamani kwa sababu yanamwonyesha mnyama katika maisha ya nyumbani, akiwa sehemu ya ratiba ya mtoto sawa na kusoma Kurani.

Farasi walikuwa pia lugha ya wafalme. Mwaka 1840 merikebu ya Sayyid Said, Sultana, iliingia New York chini ya Ahmad bin Naaman, na miongoni mwa zawadi kwa rais wa Marekani walikuwamo farasi wawili wa Kiarabu. Sheria ya Marekani haikumruhusu rais kujichukulia zawadi za mfalme wa kigeni, na baada ya mjadala Bunge liliidhinisha farasi wauzwe na fedha ziingie hazina. Kwa wanasiasa wa Washington jambo hilo lilikuwa la katiba. Kwa aliyekuwa chini ya sitaha lilikuwa jambo jingine kabisa: zaidi ya miezi miwili baharini kutoka Unguja, farasi wawili wakiyumba na mawimbi, maji ya kunywa yakipimwa, majani makavu yakilindwa yasilowe chumvi, na miguu isiyopata kutembea ikivimba. Wote wawili walifika wakiwa hai. Historia imehifadhi jina la nahodha na kuyasahau ya waliokesha na wanyama hao.

Nje ya kasri, kazi za nyumba za pwani hazikufanywa na farasi. Zilikuwa za punda. Maji ya kisimani, chokaa, mawe ya matumbawe ya kujengea, boriti za mikoko, nazi kutoka shambani, vyote vilipita vichochoroni juu ya mgongo wa punda kihongwe akiwa na shogi la ukindu lililoning'inia pande mbili. Vichochoro vya Lamu na Mji Mkongwe havikujengwa kwa upana wa gari. Punda wawili wenye mizigo wakikutana, mmoja husubiri. Farasi angekuwa na shida hapo, na chakula chake kingeimaliza nyumba. Punda hula majani makavu ambayo farasi angeyakataa, huvumilia kiu, na kwato zake ndogo hukanyaga ngazi za mawe bila kuteleza. Jumla ya kazi alizofanya haimo katika kitabu chochote cha hesabu, lakini kuta nene za Lamu ni ushahidi unaogusika. Mji huo uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001, na mawe yake mengi yalifika mahali pake kwa miguu minne. Tangu 1987 Lamu ina zahanati ya punda iliyoanzishwa na shirika la Uingereza la Donkey Sanctuary, ambako wenye punda hupeleka wanyama wenye vidonda vya matandiko na minyoo, na siku za Maulidi mashindano ya punda hukusanya umati ufukweni kama yanavyofanya ya farasi kwingineko.

Aliyejaribu kumtoa farasi pwani na kumpeleka bara alijifunza upesi. Henry Morton Stanley aliondoka Bagamoyo mwaka 1871 akimtafuta Livingstone, akiwa na farasi wawili aliopewa Unguja. Mmoja wao, wa Kiarabu, alikufa karibu na kijiji cha Kingaru, siku chache tu baada ya safari kuanza. Stanley alimpasua na kukuta minyoo tumboni, kisha akaamuru azikwe pembeni mwa kambi. Mkuu wa kijiji alikuja kudai doti mbili za merikani, kwa kuwa mnyama amezikwa katika ardhi yake bila ruhusa. Stanley akajibu kwamba atamfukua na kumwacha juu ya ardhi kama alivyokufa. Mkuu alitafakari harufu itakayofuata na kulegeza dai lake. Farasi wa pili alikufa muda mfupi baadaye. Kuanzia hapo msafara ulikwenda kwa miguu na kwa punda, kama misafara yote ya Wanyamwezi ilivyokuwa ikienda miaka mingi kabla yake. Wapagazi wa Kinyamwezi hawakuwa wamekosa akili ya kutumia wanyama. Walijua barabara yao.

Sababu ya wanyama kufa huko bara ilianza kujulikana mwaka 1895, mtafiti David Bruce alipoonyesha huko Zululand kwamba nagana huletwa na kijidudu cha damuni kinachobebwa na mbung'o. Ule ugonjwa mwingine wa povu ulichelewa zaidi kueleweka. Virusi vyake vilibainika karibu na 1900, lakini mbebaji wake, visubi wadogo wanaouma usiku, walithibitishwa mwaka 1944 nchini Afrika Kusini, baada ya chanjo ya kwanza yenye nguvu kutengenezwa hukohuko Onderstepoort katika miaka ya 1930. Mabandani watu hawakungoja maabara. Ilikuwa desturi tangu zamani kuwaingiza farasi ndani kabla ya magharibi, kuwafungia mpaka umande ukauke, na kuwasha moto wa moshi mlangoni. Desturi hiyo ilikuwa sahihi miongo mingi kabla ya mtu yeyote kuweza kueleza kwa nini, na aliyeitekeleza kila jioni alikuwa saisi. Unguja yenyewe ilikuwa na mbung'o misituni hadi mwaka 1997, ilipotangazwa kuwa wametokomezwa kwa mbinu ya kuachia madume waliofanywa tasa.

Kwa kuwa farasi walikufa, mwanzoni mwa karne ya 20 palikuwa na waliomgeukia punda milia, mnyama wa nchi ambaye nagana haimlazi. Nairobi ilikuwa na mfano maarufu: Rosendo Ribeiro, daktari kutoka Goa aliyefika mjini humo mwaka 1900, aliwatembelea wagonjwa wake akiwa amepanda punda milia, na picha yake ingalipo. Wengine walijaribu kumfunga mnyama huyo mikokoteni. Haikuendelea. Punda milia huchoka upesi, huuma asiachie, na hajazaliwa kwa vizazi vya kushikwa na binadamu. Ribeiro alifanikiwa na mmoja. Kazi ya nchi ilihitaji maelfu.

Kilichofungua mlango wa farasi kilikuwa reli na baridi. Reli kutoka Mombasa ilifika Nairobi mwaka 1899, na kwa mara ya kwanza mnyama aliyeshushwa melini aliweza kuvuka nyika yenye mbung'o ndani ya behewa badala ya kuipita kwa miguu. Kwenye nyanda za juu, Limuru, Njoro, Molo, penye mwinuko wa mita 2,000 na zaidi, mbung'o hawapo na visubi ni wachache. Walowezi waliochukua ardhi huko walileta farasi kutoka Uingereza, India na Afrika Kusini, na farasi wadogo wagumu wakaja kutoka Usomali na Ethiopia. Mwaka 1904 klabu ya mbio za farasi ilikuwa imeanzishwa Nairobi, wakati mji ulikuwa bado mabati na matope. Uwanja wa kwanza ulikuwa upande wa mashariki wa mji, na barabara ya Race Course karibu na Kariokor ingali na jina hilo. Wiki za mbio ziliwatoa walowezi mashambani hadi mjini, hoteli zikajaa, na farasi wakashuka kwa treni wakiwa na masaisi wao waliolala nao behewani.

Masaisi wa mwanzo wa Nairobi wengi walikuwa Wahindi na Wasomali. Waingereza walikuwa wamelizoea neno hilo India, ambako nako lilitoka katika Kiarabu, kwa hiyo lilifika Afrika Mashariki mara mbili: kwa jahazi kutoka Uarabuni, na kwa meli ya moshi kupitia Bombay. Baada ya miaka michache kazi ilishikwa na Wakikuyu, Wakalenjini, Wakamba na wengine, vijana waliokulia kati ya ng'ombe na mbuzi na waliojua tayari kumsoma mnyama kwa masikio na pumzi. Katika nyumba ya mlowezi saisi alihesabiwa pamoja na mpishi, boi na dobi, na hakubaki bandani tu. Alipelekwa posta na dukani akiwa na cheti mkononi, alifuata mtu stesheni, alirudisha farasi aliyeazimwa. Kila mtumishi mwanamume wa Kiafrika, kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1920, alilazimika kuvaa kipande shingoni ndani ya kijaluba cha chuma, na humo iliandikwa kazi yake, mshahara wake na jina la tajiri wake. Hakuweza kuondoka mpaka tajiri atie sahihi.

Katika mazingira hayo ndipo alipokufa kijana aliyeandikwa kwa jina la Kitosh, jina ambalo wakoloni walilitumia pia kuwaita Wabukusu wote, mwaka 1923 huko Molo. Tajiri wake alikuwa amemwazima rafiki jike la farasi ili afike stesheni. Kitosh alitumwa kumrudisha, akiagizwa amkokote kwa miguu, asimpande. Alimpanda. Ilikuwa Jumatano. Jumamosi mlowezi aliambiwa na mtu aliyemwona. Jumapili alasiri kijana alichapwa, kisha akafungwa kamba ndani ya stoo, na usiku wa Jumapili hiyo akafa. Kesi ilisikilizwa Nakuru mbele ya baraza la wazungu, na hoja iliyopewa uzito ilikuwa kwamba marehemu alitaka kufa, ndiyo maana akafa. Mlowezi alipatikana na kosa la kudhuru mwili, akafungwa miaka 2. Karen Blixen aliisimulia kesi hiyo katika kitabu chake cha 1937 juu ya shamba lake la Ngong. Kosa la Kitosh, lilivyokuwa, ni kwamba mtunza farasi alikaa juu ya farasi. Mpaka kati ya mikono inayotunza na mwili unaopanda ulikuwa mpaka wa rangi, na aliyeuvuka kwa safari moja ya kurudi nyumbani aliulipia uhai.

Vita Kuu ya Kwanza ilikuwa imekwisha kuonyesha, miaka michache kabla, ni nini kinatokea farasi wanapokosa banda. Mwezi Aprili 1916 kikosi cha farasi cha Afrika Kusini chini ya Jenerali van Deventer kilipenya kutoka upande wa Arusha hadi Kondoa Irangi, mvua za masika zikinyesha. Kilifika tarehe 19, lakini farasi walikuwa wamekufa kwa mamia njiani, na waliobaki walifuata. Katika kampeni nzima maelfu ya farasi na nyumbu waliletwa na kuteketea, na kila mnyama aliyeanguka mzigo wake ulihamia kichwani mwa mtu. Wapagazi waliokusanywa kwa lazima walikufa kwa makumi ya maelfu, kwa kuhara, njaa na uchovu. Kambi zao ndizo zilizoacha majina ya Kariakoo jijini Dar es Salaam na Kariokor jijini Nairobi. Watu hununua vitunguu na kanga katika soko la Kariakoo bila kukumbuka kwamba jina hilo lina uhusiano na mbung'o.

Palikuwa pia na mabanda ambako ujuzi wa saisi ulitambuliwa. Beryl Markham, aliyekulia katika shamba la farasi la baba yake huko Njoro, alipata leseni ya kufunza farasi wa mbio akiwa na umri wa miaka 18. Kitabu chake cha 1942 kinampa nafasi kubwa mwenzake wa utotoni, Kibii, kijana wa Kikalenjini ambaye baada ya jando aliitwa arap Ruta. Ruta alikuwa naye bandani Molo na Nairobi, akikesha na majike yanayozaa na kuwaandaa farasi kwa mbio, na hata Markham alipogeukia urubani Ruta aliendelea kuwa naye. Kitabu kimeandikwa kwa macho ya tajiri, na hilo halifichiki. Lakini ni miongoni mwa maandishi machache ya enzi hizo ambamo mtunza farasi Mwafrika ana jina, tabia na maoni yake.

Mwaka 1954 mbio zilihamia uwanja wa Ngong Road, ambako zinafanyika hadi leo, kwa kawaida siku za Jumapili. Baada ya uhuru wa 1963 mpaka uliomuua Kitosh ulivunjika: vijana wa mabandani walianza kupanda kama wachezaji wa mbio, na wengi wa waliovaa rangi za ushindi walianza kwa beleshi na toroli. Serikali nazo zilihifadhi farasi kwa kazi zao. Nchini Kenya hutumiwa na polisi wa kuzuia wizi wa mifugo katika maeneo yasiyopitika kwa gari, na Jeshi la Polisi Tanzania lina kikosi cha mbwa na farasi. Katika vitongoji vya Nairobi kama Karen, shule za kupanda farasi hujaa watoto Jumamosi asubuhi, na neno linaloitwa kutoka uani ni lilelile la majahazi: saisi.

Siku ya mbio, umati huondoka baada ya zawadi kutolewa. Bandani kazi huwa ndiyo kwanza inaendelea. Farasi aliyekimbia hurudi akiwa ametokwa jasho mpaka limekuwa povu kati ya mapaja, na hafai kusimamishwa ghafla, maana misuli itakaza. Saisi humvua tandiko, humwagia maji miguuni, hukwangua jasho kwa ukwanguo, kisha huanza kumzungusha polepole, akimpa maji mafunda machache kila baada ya mzunguko. Huweka kiganja kifuani mwa mnyama, kati ya miguu ya mbele, kupima joto. Kifua kikipoa, na pumzi zikitulia, humwingiza chumbani, humpa majani makavu kabla ya nafaka, huchokoa kwato mara ya mwisho na kufunga mlango kabla visubi hawajatoka.